Bomba la Getini

4 Machi, Jumatano

Mvua imeanza leo kwa fujo, bila hata manyunyu ya kutuonya. Tangu nilipostaafu kufundisha kemia nimejiwekea desturi ya kuandika kila msimu wa mvua, kwa sababu mvua hunifungia ndani, na mtu aliyezoea kusema mbele ya darasa zima akikosa wa kumsikiliza huishia kuzungumza na masufuria. Afadhali karatasi. Yenyewe haisinzii.

Jioni nikasikia hodi. Alikuwa Binti, mtoto wa kaka yangu, amelowa chapachapa, begi kichwani badala ya mwavuli. Mtoto wa kaka haombi ruhusa kwa shangazi yake, anaingia tu. Anafanya kazi kwenye maabara ya kampuni ya maji, na katika ukoo wetu mzima ni yeye peke yake aliyerithi kemia yangu. Wengine walikimbilia biashara.

“Nimechukua likizo, Shangazi.”

“Likizo wakati wa mvua? Si ndipo mto unapochafuka nanyi mnazidiwa na kazi?”

“Ndiyo maana nimechoka.”

Jibu hilo lina sura ya jibu, lakini kila nikiligeuza sioni kitu ndani yake.

5 Machi, Alhamisi

Mvua. Binti amelala hadi mchana. Simu ameizima na kuisukumiza chini ya godoro.

7 Machi, Jumamosi

Leo nimenusa spiriti jikoni nikadhani jiko limepasuka. Nikamkuta Binti ameshika pamba inayowaka kwenye koleo, anaunguza mdomo wa bomba langu.

“Mwanangu, nyumba ina kosa gani?”

Alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Kisha akanionyesha. Nitaeleza hapa, maana ni jambo zuri na wengi hawalijui. Mtu anayechukua sampuli ya maji huchoma kwanza mdomo wa bomba, ili maji yasije yakasingiziwa vijidudu vya mikono yetu. Halafu huyaacha maji yatiririke, ndipo ajaze chupa, tena asiijaze hadi juu, abakize nafasi ya hewa ili maabara waweze kuitikisa. Nilifundisha miaka yote hiyo sijawahi kuliona hili likifanywa. Nikamwambia arudie.

“Na matokeo yatakuwaje?” nikauliza.

“Ya nyumba yako yatakuwa mabaya, Shangazi. Ya kwenye ripoti yatakuwa mazuri.”

Hapo ndipo alipokaa kwenye kigoda akanieleza, na mimi nikasimama kama mwanafunzi. Kanuni inataka sampuli zichukuliwe majumbani, shuleni na sokoni. Lakini chujio kubwa la mtambo lilikufa mwaka jana, na kampuni ikaona ni rahisi zaidi kuficha kuliko kutengeneza. Kwa hiyo chupa zote hujazwa kwenye bomba moja, lile la getini kwa kampuni. Bomba hilo haliungani kabisa na mtambo. Linatoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa ajili ya kumwagilia bustani, na maji yake ni safi. Ofisa wa wizara anajua kwamba chupa hazitoki majumbani, ingawa habari za kisima hajaambiwa, na anapitisha.

“Chupa zote zinazaliwa na mama mmoja,” alisema, “halafu kila moja inabandikwa baba yake. Hii ya sokoni, hii ya hospitali, hii ya mtaa wa bondeni.”

Amekwisha kwenda kuripoti kwa Mamlaka ya Ukaguzi. Wamemwahidi kwamba jina lake halitatajwa popote. Walioijua siri ya kisima ni watatu tu: meneja, mkuu wa maabara, na yeye. Hata fundi aliyeunganisha lile bomba aliletwa kutoka mbali akarudishwa kwao.

“Usimwambie mtu, Shangazi. Hata Baba.”

“Mimi?” nikasema. “Mimi ni kaburi.”

10 Machi, Jumanne

Fundi cherehani wa nyumba ya pili amelazwa. Homa ya matumbo. Nilipita kumwona, amebaki macho matupu, na wodini kitanda chake kimezungukwa na watu wa mtaa wa bondeni wenye ugonjwa uleule.

Njiani nikakutana na fundi bomba wetu, yule tunayemwita Spana, anavuka dimbwi kwa kurukaruka.

“Mwalimu, maji ya kampuni siku hizi hayataki majani. Fungua bomba, weka sukari, chai tayari!”

“Yachemshe, Spana. Waambie na wengine wayachemshe.”

“Kwa nini? Kuna nini?”

“Chemsheni tu.”

Akasimama katikati ya dimbwi akanitazama. “Leo Mwalimu anatoa jibu bila kuonyesha njia? Basi dunia imekwisha.”

Nilirudi nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Kama ningemweleza Spana sababu, mtaa mzima ungechemsha maji kabla ya magharibi. Sikumweleza, na sasa nusu yao watasema Mwalimu kazeeka. Siri inayomlinda mtu mmoja nyumbani kwangu, je, inamuumiza nani kule nje?

13 Machi, Ijumaa

Mvua. Mto umefika kwenye nguzo za daraja. Nimechemsha maji tangu asubuhi hadi madirisha yametoka jasho.

15 Machi, Jumapili

Redio imetangaza kwamba Mamlaka ya Ukaguzi inachunguza maji ya mji wetu “kutokana na taarifa za mtu wa ndani”. Binti alikuwa akikata vitunguu. Hakuinua kichwa.

Mchana akaiwasha simu yake, na mwenzake wa kazini akampigia. Kampuni imemsimamisha mkuu wa maabara, mzee mmoja mwenye miwani minene ambaye vijana wamembatiza Hadubini. Polisi wamemhoji kutwa nzima kwa kosa la kutoa siri za kampuni. Hakufanya lolote. Wamemshika yeye kwa kuwa ana tabia ya kununa, na meneja anaamini mtu anayenuna ana neno.

“Nikajitaje?” Binti akaniuliza. “Ana mke mgonjwa, Shangazi. Anasimama pale badala yangu.”

Nilijaribu kulipanga kama mlinganyo. Akijitaja, Hadubini anapona na yeye anaangamia, na huenda uchunguzi ukafa pamoja naye. Asipojitaja, watu wengi watapata maji safi, na mtu mmoja asiye na hatia atavunjika. Upande huu ukikaa sawa, ule unazidi. Nikamwambia asubiri. Sikuwa na sababu, ila nilisema kwa sauti ya mtu mwenye sababu, na hiyo ni hila ya kazi yetu.

19 Machi, Alhamisi

Leo kampuni iliita wananchi wote kwenye geti lake “kushuhudia kwa macho”. Walifunga maturubai, wakapanga viti, mvua ikapiga ngoma juu yetu. Binti aliniambia nisiende. Nikamwambia nakwenda kusikiliza tu.

Meneja ni mwanafunzi wangu wa zamani. Sikuwa nimemwona karibu tangu awe mkubwa. Ni mtu mzuri wa sura, mpole, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Alisimama akasema kuna watu wanaoeneza uvumi, na leo uvumi utakufa. Akamwita kijana wa kampuni ajaze chupa mbele yetu, pale pale kwenye bomba la getini.

Kijana yule hakuchoma mdomo wa bomba. Hakuacha maji yatiririke. Na chupa akaijaza hadi ikafurika!

Nilivumilia. Mungu ni shahidi, nilivumilia. Kisha nikajikuta nimesimama.

“Kijana, hivyo sivyo.”

Watu wakageuka. Meneja akafungua mikono. “Mwalimu wangu! Njoo mbele, njoo utufundishe tena.”

Basi nikaenda. Nikaomba pamba, nikaomba spiriti, Spana akatoa kiberiti, na nikawaonyesha watu wote namna inavyofanywa, hatua kwa hatua, na kwa nini kila hatua ipo. Kulikuwa kimya, kimya kile kizuri cha darasa linaloelewa. Mama mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Nilikuwa sijapigiwa makofi siku nyingi.

Nikaendelea. Nikasema hata ukichoma bomba hili asubuhi hadi jioni haisaidii, kwa kuwa maji yake yanatoka kwenye kisima cha bustani, si kwenye mtambo. Nikasema wakitaka ukweli waende na chupa zao mtaa wa bondeni.

Watu wakaanza kunong’ona, halafu kupiga kelele. Spana akadandia kiti: “Haya, twendeni bondeni! Nani ana chupa?”

Meneja hakukasirika hata kidogo. Aliniinamia akaniuliza taratibu, kama anayeulizia afya, “Kisima cha bustani umekijuaje, Mwalimu?”

“Mwalimu hujua,” nikamjibu, na watu wakacheka.

Nimerudi nyumbani nimelowa na nimefurahi. Nimemsimulia Binti kila kitu. Nilidhani atafurahi kwamba neno lake limefika kwa watu bila jina lake kutajwa. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, “Ulisema kisima?” Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Sawa, Shangazi,” akaingia chumbani.

Simwelewi. Labda ni uchovu.

21 Machi, Jumamosi

Meneja amekuja kunisalimia. Peke yake, na mwavuli mkubwa ambao alinikinga nao hata kwenye hatua mbili za baraza yangu. Binti alikuwa ametoka kwenda kumwona fundi cherehani hospitalini.

Tulikumbushana ya shule. Aliniambia jambo ambalo sikulijua. “Siku za mtihani, Mwalimu, tulikuwa tunapanga mmoja wetu atoe jibu la ovyo kabisa. Ulikuwa huwezi kulipita. Ungeanza kutusahihisha, ukaeleza na kueleza, kengele inalia, mtihani hatujafanya.” Tulicheka wote wawili hadi nikafuta machozi. Wajanja kweli.

Alipoaga aliona viatu vya Binti mlangoni. “Una mgeni?”

“Mtoto wa kaka yangu.”

“Ah,” akasema. “Yule wa maabara. Msalimie.”

Ni kijana mwenye adabu. Nashindwa kumuunganisha na chupa zile. Huenda kuna mkubwa zaidi yake anayemlazimisha. Huenda mimi nimezoea kumwona akiwa na kaptura.

24 Machi, Jumanne

Leo nimeelewa, na naandika polepole.

Kampuni imempigia simu Binti. Hadubini amerudishwa kazini tangu jana, na wamemwomba radhi. Binti amefukuzwa. Hawakumfukuza kwa kuripoti kwenye Mamlaka, maana hilo sheria inalikataza waziwazi. Wamemfukuza kwa “kusimulia siri za kazi kwa ndugu asiyehusika”. Ndugu mwenyewe ni mimi.

Alinieleza akiwa amesimama, hakukaa. “Walikuwa hawajui, Shangazi. Walikuwa wanakisia. Watu watatu tu ndio waliojua kisima. Meneja hawezi kujisema. Hadubini hana ukoo na wewe. Nikabaki mimi tu; umenitaja.”

“Sikukutaja.”

“Ulieleza,” akasema. “Ni kulekule.”

Nilitaka kumwambia kwamba watu wameamka, kwamba juzi Spana na vijana wamepeleka chupa za bondeni kwa Mamlaka wenyewe, kwamba Hadubini amepona. Yote hayo ni kweli. Nilikuwa na hoja tatu, zimejipanga vizuri. Nikamtazama usoni nikaona hakuna hata moja inayofaa kutoka mdomoni.

Nililolifanya ni jema au ni baya? Mtu mmoja ametoka kwenye shimo na mwingine ameingia, na mimi ndiye niliyewabadilisha, huku nikipigiwa makofi.

25 Machi, Jumatano

Mvua. Ananisalimia kwa adabu. Hilo ndilo linaloniuma.

29 Machi, Jumapili

Hadubini alifika. Nilitarajia mtu wa kushukuru, nikamwekea kiti kizuri. Hakukikalia.

“Mwalimu,” alisema, na miwani yake imefunga ukungu kwa mvua, “nataka ujue jambo moja. Nilijua ni yule binti tangu siku ya kwanza. Nilimwona akiondoka ofisini na uso ule. Polisi wameniuliza kutwa, mkubwa wao amepiga meza, mke wangu amelia. Nikanyamaza. Nilikuwa tayari kunyamaza mpaka kesi iishe. Mimi nimebakiza muda mfupi nistaafu, yeye ndiyo kwanza anaanza.”

“Sikujua,” nikasema.

“Hukujua. Lakini ulisema.”

Binti alitoka chumbani akamshika mikono yote miwili, akaita, “Mzee wangu.” Wakasimama hivyo. Niliwaacha nikaenda jikoni kuchemsha maji ambayo yalikuwa yamekwisha kuchemka.

Mtu huyu tulikuwa tunamcheka kwa kununa. Meneja mpole, Hadubini mkavu. Nimesoma nyuso za watoto maisha yangu yote, na nyuso hizi mbili nimezisoma kichwa chini miguu juu.

2 Aprili, Alhamisi

Wakili amekuja. Ni mama mfupi, viatu vya mpira, anafanya kazi na ofisi inayowatetea watu wanaofichua maovu ya serikali na makampuni. Alikunywa chai ya moto bila kupuliza.

Alinieleza mambo kwa mpangilio mzuri, nikamheshimu. Baraza la kazi litakaa kuamua kama Binti alifukuzwa kihalali. Binti mwenyewe hatahudhuria, ili asionekane. “Sheria inamlinda mtu aliyeripoti kwenye Mamlaka,” alisema. “Haimlindi aliyesimulia jikoni. Kampuni wanataka kuonyesha kwamba alisimulia jikoni. Ushahidi wao ni mmoja tu, mama. Ni wewe. Watakuuliza nani alikuambia habari za kisima.”

“Unataka niseme uongo?”

“Siwezi kukuambia hivyo, na usifanye hivyo. Lakini kipo kifungu. Hakuna anayelazimishwa kujibu swali ambalo jibu lake litamfichua mtoa taarifa. Utasema kwamba hujibu. Basi.”

“Nitasema sijibu kwa sababu…”

Aliinua kidole. “Hakuna ‘kwa sababu’. Ukianza kueleza, umejibu.”

Binti, aliyekuwa anatazama dirishani, alicheka kidogo bila furaha. “Hapo ndipo tumekwisha,” akasema.

5 Aprili, Jumapili

Kampuni imefunga maji mtaa mzima, wanasema “kupisha uchunguzi”. Watu wanakinga mvua kwa beseni. Mama aliyenipigia makofi getini leo amepita bila kunisalimia, na Spana anasema kuna wanaonung’unika kwamba bora maji machafu kuliko bomba kavu. “Lakini wewe usijali, Mwalimu. Njaa ya maji ina kelele, haina kumbukumbu.” Sijui kama hiyo ilikuwa faraja.

9 Aprili, Alhamisi

Chumba cha baraza ni kidogo, kina meza ndefu na feni inayozunguka bila kutoa upepo. Mwenyekiti ana mafua. Upande mmoja wakili wetu, upande wa pili wakili wa kampuni, kijana nadhifu, na pembeni yake meneja. Alinisalimia kwa mikono miwili.

Hadubini alitangulia. Waliuliza kama aliwahi kumsikia Binti akizungumzia kisima nje ya kazi. Alisema, “Mimi sisikii vizuri,” akavua miwani akaifuta, kana kwamba masikio yake yako humo. Mwenyekiti alikohoa ili asicheke.

Kisha mimi.

“Mwalimu, tarehe kumi na tisa Machi ulisema hadharani kwamba bomba la getini linatoka kwenye kisima. Nani alikuambia?”

“Sijibu swali hilo.”

“Kwa sababu gani?”

Nilifungua mdomo. Wakili wetu alikuwa anatazama kalamu yake. Nikaufunga.

Wakili wa kampuni akatikisa kichwa kwa upole. Meneja akamnong’oneza jambo. Kijana akatabasamu, akamgeukia mwenyekiti.

“Mheshimiwa, labda Mwalimu alibahatisha tu. Kitaalamu, maji ya kisima na ya mto hayawezi kutofautishwa kwa njia yoyote.”

Si kweli. Yanatofautishwa kwa njia nyingi. Hata sabuni tu inatosha: maji ya kisima mara nyingi yana chumvi nyingi, sabuni inagoma kutoa povu. Nikaona mbele yangu mlango umefunguliwa wazi. Ningeweza kusema, “Nilinawa pale getini, povu likagoma, nikajua.” Kila neno la kemia lingekuwa kweli, na habari nzima ingekuwa uongo. Binti angepona. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

Sikusema.

“Na tena,” kijana akaendelea, “klorini huwekwa tu ili kuyapa maji rangi ya kupendeza.”

Nikashika ukingo wa meza.

“Na maji yakionekana maangavu, mheshimiwa, hayana vijidudu. Hilo anajua hata mtoto.”

Watu hulazwa hata kwa maji maangavu! Niligeuka nikamwona meneja. Alikuwa ananitazama kama walivyokuwa wakinitazama zamani, kidevu mkononi, mpole, anasubiri nianze. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jibu la ovyo halikuwa la yule kijana. Lilikuwa lake. Amelipanga, kama siku ya mtihani.

“Mwalimu ana la kusema?” mwenyekiti akauliza.

“Sina, mheshimiwa.”

“Unajua kwamba ukimya wako unaweza kueleweka vibaya?”

“Najua.”

Wakaniacha niende. Nje nikapumzika kwenye ngazi. Wakili alisema nimefanya vizuri. Sina hakika. Nimekataa kusema uongo, lakini kweli nayo sikuisema, na nilifundisha miaka mingi kwamba kati ya hayo mawili hakuna kiti cha katikati. Leo nimekikalia kutwa.

15 Aprili, Jumatano

Baraza limeamua. Kampuni haikuthibitisha neno lake, kwa hiyo Binti hakufukuzwa kihalali na atalipwa haki zake zote. Mamlaka nayo imepima chupa za bondeni kwa mikono yake yenyewe, na chujio jipya litafungwa kabla ya mvua nyingine. Spana alikuja anacheza kwenye tope. Fundi cherehani ametoka hospitali, anatembea akishika ukuta.

Tumeshinda, basi. Lakini tangu juzi kuna gari limesimama mkabala na nyumba, vioo vyeusi, hashuki mtu. Asubuhi Binti alikwenda dukani, mtu mmoja akamwita kwa jina lake kamili na kumwambia, “Mji huu ni mdogo, dada.” Basi. Akaondoka zake.

Mchana wakili alileta gari lingine kwa njia ya nyuma. Binti alikuwa amekwisha funga begi lake.

“Wanakupeleka wapi?” nikauliza.

Wakatazamana, yeye na wakili.

“Hata mimi?”

“Hasa wewe, Shangazi,” Binti akasema.

Alisema taratibu, bila ubaya. Kisha akanikumbatia kwa nguvu, uso wake begani kwangu, muda mrefu. Sikujua lipi kati ya hayo mawili nilishike, neno au mikono. Nilimpa sweta langu. Alitaka kukataa kisha akalichukua, na mimi nikaanza kujiuliza: amelichukua kwa kuwa anakokwenda kuna baridi, au ili kunifurahisha? Nikajizuia. Hata hilo ni njia ya kujua aliko.

18 Aprili, Jumamosi

Mvua. Kaka amepiga simu kuuliza mwanawe yuko wapi. Amenikaripia kama mtoto. Nimesikiliza.

3 Mei, Jumapili

Mvua imekatika. Leo ni siku ya nne ya jua, na barabara imeanza kutoa vumbi kana kwamba haikuwahi kulowa. Gari lile halijaonekana tangu juzi.

Nilikuwa naanika magodoro alipoingia meneja, mikono miwili mbele, “Shikamoo, Mwalimu.” Bado ni meneja. Nilidhani watamwondoa, wakamwondoa yule ofisa wa wizara. Nikamkaribisha kiti, maana sijajua namna nyingine ya kumpokea mtu mlangoni.

“Nimekuja kwa wema tu,” akasema. “Kuna malipo ya yule binti. Nataka nimkabidhi mwenyewe, yaishe kiungwana. Yuko wapi siku hizi?”

“Sijui.”

Alitabasamu. “Mwalimu wangu kusema hajui? Tangu lini?”

“Tangu mwezi uliopita.”

Akazungusha funguo za gari kidoleni, akatazama magodoro. Kisha akasema kama mtu anayepiga soga, “Nimesikia yuko huko milimani, kwa rafiki yake aliyesoma naye.”

Akaweka kidevu mkononi, akasubiri.

Nilimwangalia. Nikatafuta ndani yangu lile linaloniinua kitini kila ninaposikia kosa, na halikuwepo. Huenda amekosea. Huenda amepatia. Sikuwa na cha kumsahihisha.

“Chai?” nikamuuliza.

Hakutaka. Aliaga vizuri, akarudisha kiti mahali pake kama nilivyowafundisha. Nikabaki na magodoro yangu juani, nageuza moja baada ya jingine, na nikajikuta najiuliza kama huko milimani, ikiwa ni milimani, sweta moja linatosha.